Hisa za mwajiri wa nje: kodi ilipwe mara moja, na sheria iseme wapi

Wafanyabiashara wa Musoma, Bunda na Butiama wamezoea kufuatilia bei za vitu vinavyopita mikononi mwao: samaki na dagaa wa ziwani, pamba msimu wake unapofika, ng'ombe wa mnadani, na dhahabu. Ipo mali nyingine inayoingia mkoani Mara bila kupita sokoni wala kwenye mizani. Hiyo ni hisa ambayo mfanyakazi hupewa na mwajiri wake, mara nyingi kampuni iliyoorodheshwa Nairobi, Toronto au New York, kama sehemu ya malipo ya kazi.

Wiki hii tunajadili kodi ya hisa hizo, hasa pale mfanyakazi anapofanya kazi upande mmoja wa mpaka na kuishi upande mwingine. Maoni yetu ni kwamba hisa ya namna hii ni mshahara kabla haijawa mtaji. Kwa hiyo kodi yake ifuate mahali kazi ilipofanyika, itozwe mara moja tu, na sheria yetu ieleze wazi hesabu inavyofanywa. Hivi sasa tunayo kanuni ya jumla bila kifungu mahsusi, na anayeumia ni mfanyakazi wa kawaida asiye na mhasibu.

Nchi iliyochelewa kwenye hisa

Si ajabu kwamba sheria yetu ni nyembamba katika jambo hili. Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililoongozwa na mwana wa Butiama, Mwalimu Julius Nyerere, lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni yoyote. Mlango ulifunguliwa na Azimio la Zanzibar mwaka 1991. Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE) lilianza biashara Aprili 1998. Sheria ya Kodi ya Mapato tunayoitumia, ya mwaka 2004, ilitungwa soko hilo likiwa na umri wa miaka sita tu.

Tangu hapo mambo yamekwenda mbio. Mwaka 2008 Serikali ilipouza asilimia 21 ya hisa za Benki ya NMB, asilimia 5 zilitengwa kwa ajili ya wafanyakazi na menejimenti. Benki ya Equity ya Kenya, yenye kampuni tanzu hapa nchini, imekuwa na mpango wa hisa za wafanyakazi kwa miaka mingi. Wapo pia vijana wetu wanaoandika programu za kompyuta kwa ajili ya kampuni za Ulaya na Marekani huku wakikaa Musoma. Hisa si mambo ya mabwana wakubwa wa Dar es Salaam peke yao tena.

Siku tatu za kuzingatia

Msomaji atafautishe siku tatu. Ya kwanza ni siku ya ahadi, mwajiri anapomwambia mfanyakazi: ukikaa nami miaka mitatu, utapata hisa kadhaa, au utaruhusiwa kununua hisa kwa bei ya leo. Ya pili ni siku ya kukomaa, masharti yanapotimia na hisa au haki ya kununua inakuwa mali ya mfanyakazi. Ya tatu ni siku ya kuuza.

Kinachopatikana kuanzia siku ya ahadi mpaka mfanyakazi anapoichukua hisa yake ni malipo ya kazi. Kinachoongezeka baada ya hapo ni faida ya mwekezaji, sawa na ya mtu aliyenunua hisa kwa dalali. Mgawanyo huo si wetu. Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD) la Paris lilichapisha uchambuzi wa suala hili mwaka 2004, na maelezo ya mkataba wake wa mfano yanaufuata. Maelezo hayo yanasema pia kwamba mfanyakazi akiwa amefanya kazi nchi mbili kati ya ahadi na kukomaa, manufaa yagawanywe kwa siku za kazi za kila nchi.

Sheria ya Tanzania inakubaliana na msingi huo. Malipo ya ajira yana chanzo chake hapa nchini kwa kadiri kazi ilivyofanyika hapa, bila kujali malipo yametolewa wapi. Hivyo basi, hisa za New York alizopewa mtu kwa kazi aliyoifanya Musoma ni mapato ya Musoma. Kuwa hisa hizo zimetoka kwa kampuni mama ya ng'ambo, na si kwa mwajiri wa hapa, hakuziondoi kwenye kodi.

Ukazi nao hubadili kiwango. Mkazi hulipa kwa ngazi, na kila shilingi inayozidi Sh 1,000,000 kwa mwezi hutozwa asilimia 30. Asiye mkazi hutozwa asilimia 15 ya mapato yake ya ajira yenye chanzo Tanzania. Mtu huwa mkazi akiwa na makazi ya kudumu nchini na akawepo sehemu yoyote ya mwaka, au akikaa siku 183 au zaidi katika mwaka, au akiwepo mwaka huo na miaka miwili iliyotangulia kwa wastani unaozidi siku 122 kila mwaka.

Hesabu ya fundi wa mpakani

Tuchukue mfano wa kufikirika. Fundi mkazi wa Kenya ameajiriwa na kampuni iliyoorodheshwa Nairobi, na mara kwa mara hutumwa Musoma kupitia Sirari. Tarehe 1 Januari 2022 alipewa haki ya kununua hisa 10,000 kwa bei inayolingana na Sh 1,000 ya Tanzania kila moja. Siku hiyo bei ya soko ilikuwa Sh 1,200. Haki ilikomaa tarehe 31 Desemba 2024, akaitumia siku hiyo hiyo, bei ya soko ikiwa Sh 2,000.

Kipindi chote kina siku 1,096. Musoma alifanya kazi siku 90 mwaka wa kwanza, 92 wa pili na 92 wa tatu, jumla siku 274, yaani robo kamili. Wastani wake ni siku 91 kwa mwaka na hana nyumba huku. Kwa maana hiyo, si mkazi wa Tanzania.

Kwa kanuni yetu ya jumla ya thamani ya soko, manufaa yake ni Sh 1,000 kwa kila hisa, jumla Sh 10,000,000. Robo ya Tanzania ni Sh 2,500,000. Asilimia 15 yake ni Sh 375,000.

Sasa tuvuke Isebania. Kenya ina kifungu mahsusi kwa mipango ya hisa iliyosajiliwa. Manufaa ni tofauti kati ya bei ya soko na bei ya kununulia katika siku ya ahadi, ingawa huhesabiwa kuwa yamepatikana mwisho wa kipindi cha kukomaa. Kwa fundi wetu tofauti hiyo ni Sh 200 kwa hisa, jumla Sh 2,000,000.

Msomaji aone ajabu iliyopo hapo. Robo ya manufaa kwa hesabu ya Tanzania ni kubwa kuliko manufaa yote kwa hesabu ya Kenya. Tukichukua kiwango cha Kenya cha asilimia 30 kwa mtu wa mshahara wa kati, kodi ya Kenya kwa robo ile, ambayo kwao ni Sh 500,000, ni Sh 150,000. Nafuu ya kodi iliyolipwa nje kwa kawaida haizidi kodi ambayo nchi ya mkazi ingetoza kwa mapato hayo hayo. Fundi akipewa nafuu yote anayoweza kupewa, bado Sh 225,000 aliyolipa Tanzania haina mahali pa kurudishwa.

Hakuna aliyevunja sheria hapo. Kila nchi imefuata kitabu chake, na hasara imemwangukia mtu aliyekuwa kazini. Kwa fundi, Sh 225,000 ni kodi ya chumba kwa miezi kadhaa, au mtaji wa kuanzia wa mama muuza dagaa.

Mkataba uliolala

Dawa ya ugonjwa huu inajulikana, nayo ni mkataba wa kuepuka kutoza kodi mara mbili. Tanzania inayo mikataba na nchi kama Canada, India, Afrika Kusini, Zambia, Italia, Sweden, Norway, Denmark na Finland. Ule wa Canada ulitiwa saini mwaka 1995. Ni jambo la kushangaza kwamba mhandisi kutoka Toronto ana kinga ya mkataba, ilhali fundi kutoka Migori hana.

Majaribio yamefanyika. Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini makubaliano Aprili 1997, yakaishia kwenye makabati. Tarehe 30 Novemba 2010 nchi tano za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilitia saini mkataba mwingine. Nao haujaanza kufanya kazi, kwa kuwa haujaridhiwa na wote wanaotakiwa kuuridhia.

Kwa Mara, ucheleweshaji huo si habari ya mbali. Wakurya wanaishi pande zote mbili za mpaka, na ukoo mmoja unaweza kuwa na miji Tarime na mingine Kuria ya Kenya. Tumfikirie mtu mwenye nyumba na familia Butiama, anayefanya kazi Kisumu siku 200 kwa mwaka na kurudi nyumbani kila sikukuu. Tanzania inamhesabu mkazi kwa sababu ya makazi yake. Kenya inamhesabu mkazi kwa sababu ya siku zake. Kila upande una haki ya kuyatazama mapato yake yote ya ajira, yakiwemo ya hisa. Mikataba ya namna hii huwa na ngazi za kuamua: kwanza makazi ya kudumu, kisha mahali maisha yake yalipojikita, kisha anapokaa kwa kawaida. Pasipo mkataba, hakuna mwamuzi, na mtu huyo anabaki kuzunguka na stakabadhi kutoka ofisi hadi ofisi.

Funzo la North Mara

Wasomaji wengi wanakumbuka jinsi hisa za mgodi wa North Mara, ulioko Tarime, zilivyobadilika majina. African Barrick Gold iliorodheshwa London Machi 2010, ikaingia DSE Desemba 2011, ikaitwa Acacia mwaka 2014. Septemba 2019 Barrick ilinunua hisa zote ilizokuwa haizimiliki. Kila hisa moja ya Acacia ilibadilishwa kwa hisa 0.168 ya Barrick, hivyo mwenye hisa 1,000 alipata 168.

Mabadiliko kama hayo yana maana ya kikodi. Faida ya kuuza hisa iliyoorodheshwa DSE haitozwi kodi ya mapato kwa mkazi, na gawio lake hukatwa asilimia 5. Barrick haiko DSE. Mtu aliyekuwa chini ya mwavuli wa soko letu hujikuta nje yake bila kuondoka nyumbani kwake.

Kwa mfanyakazi mwenye ahadi ambayo haijakomaa, kampuni kununuliwa ni tukio kubwa zaidi. Kufuatana na kanuni za mpango, ahadi inaweza kukomaa mapema, kubadilishwa kuwa hisa za mnunuzi, au kufutwa. Ikikomaa mapema, siku ya kodi nayo imesogea, na hesabu ya siku za kazi inakatwa hapo. Wachache sana husoma kanuni hizo kabla mambo hayajatokea. Dhahabu ilivuka dola 3,000 kwa wakia Machi 2025, na bei kama hizo huzipa thamani ahadi ambazo zamani zilionekana karatasi tupu. Thamani ikipanda, kodi nayo hupanda.

Hisa za Marekani

Kijana anayekaa Musoma na kufanyia kazi kampuni ya Marekani ana habari njema na mbaya. Njema ni kwamba Marekani kwa kawaida haitozi kodi malipo ya kazi iliyofanywa nje ya nchi hiyo na mtu asiye raia wala mkazi wake. Faida ya kuuza hisa kwa kawaida haiitozi pia kwa mtu wa namna hiyo. Habari mbaya ni kwamba mapato hayo yote ni ya kutozwa hapa nyumbani, na mara nyingi hakuna mwajiri wa hapa wa kuyakata. Yeye mwenyewe anapaswa kuyatangaza kwa Mamlaka ya Mapato (TRA).

Kuna mambo mawili zaidi. Tanzania na Marekani hazina mkataba wa kodi, kwa hiyo gawio la hisa za kampuni ya Marekani hukatwa asilimia 30 kabla halijafika. Na mtu asiye mkazi wa Marekani akifariki akiwa na hisa za kampuni za huko zinazozidi thamani ya dola 60,000, warithi wanaweza kukutana na kodi ya mirathi ya Marekani. Wazazi wenye watoto waliofanya kazi huko na kurudi na hisa wanafaa kulijua jambo hilo mapema.

Wanaopinga watasema nini

Wapo watakaosema Serikali ikilegeza itapoteza mapato. Hatuombi ilegeze. Tunaomba iandike. Mtu anayejua anadaiwa nini, lini na kwa hesabu gani hulipa kwa urahisi kuliko anayekisia. Kodi isiyoeleweka hukusanywa kwa mwaminifu peke yake, na mjanja hunyamaza.

Wengine watasema kodi ingoje mpaka hisa iuzwe, kwa kuwa siku ya kukomaa mfanyakazi hana fedha mkononi. Hoja hii ina uzito. Tuseme mkazi wa Bunda mwenye mshahara unaozidi Sh 1,000,000 kwa mwezi amepata hisa za Sh 6,000,000. Kodi ni Sh 1,800,000. Bei ikianguka nusu kabla hajauza, amebaki na mali ya Sh 3,000,000 na deni lile lile, yaani asilimia 60 ya alichonacho. Kenya imeliona tatizo hili. Sheria yake ya Fedha ya mwaka 2023 iliruhusu wafanyakazi wa kampuni changa zinazotimiza masharti kuahirisha kodi ya hisa walizopewa badala ya fedha, mpaka miaka mitano ipite, au wauze, au waache kazi, lolote litakalotangulia.

Hata hivyo, kuahirisha kwa kila mtu kuna hatari yake. Asiye mkazi atakuwa amekwishaondoka, na TRA haitampata. Tunadhani njia ya katikati inafaa: kampuni iuze sehemu ya hisa siku ya kukomaa na kulipa kodi hapo hapo, na nafuu ya kuahirisha ibaki kwa hisa ambazo hazina soko la kuuzia.

Mambo matatu tunayopendekeza

Kwanza, Sheria ya Kodi ya Mapato iongezwe kifungu cha hisa za wafanyakazi, kitaje siku ya kutoza, namna ya kuthamini, na mgawanyo wa siku za kazi kati ya Tanzania na nje. Pili, mkataba wa Afrika Mashariki wa mwaka 2010 uridhiwe na wote. Ikishindikana, Tanzania na Kenya zitafute mkataba wa nchi mbili, kwa kuwa biashara ya Sirari haiwezi kungoja nchi zote zikubaliane. Tatu, nchi hizi mbili zikubaliane siku moja ya kuthamini hisa. Mfano wa fundi unaonyesha kwamba hata mkataba mzuri hauwezi kuponya hesabu mbili zinazoanza na bei tofauti.

Wakati tukingoja

Mwenye hisa hizi asisubiri Bunge. Atunze barua ya ahadi, kanuni za mpango, na taarifa ya bei ya siku ya kukomaa pamoja na kiwango cha kubadilisha fedha cha siku hiyo. Aweke daftari la siku alizofanya kazi kila nchi, likishuhudiwa na mihuri ya pasipoti na barua za safari. Adai cheti cha kodi iliyokatwa nje, kwa kuwa mkazi wa Tanzania anaweza kuombea nafuu kodi hiyo, na bila cheti hana ushahidi. Siku ya kukomaa atenge fedha za kodi, au auze hisa za kutosha kuilipa, kabla hajaahidi kiwanja wala kulipa mahari.

Mfanyabiashara anayemkopesha mtu kwa kutegemea hisa zake aulize maswali hayo hayo. Hisa ambayo haijakomaa si dhamana. Na iliyokomaa bila kulipiwa kodi ina mdai mwingine aliyetangulia mbele yake, ambaye ni Serikali, pengine Serikali mbili.